Msitu wa Dodoma Uko Chini ya Miguu Yetu

Mgeni akishuka Dodoma mwezi wa kumi, akatazama vilima vya Chenene kwa mbali au vichaka vya njia ya kwenda Manyoni, atakuuliza misitu iko wapi. Anachoona ni vijiti vya kijivu visivyo na jani, miiba, vumbi jekundu na mbuyu mmoja mmoja shambani. Simlaumu. Hata sisi wa huku, ukitutajia msitu, akili inakimbilia Usambara na Uluguru, kwenye ukungu na vijito visivyokauka. Kwetu mvua ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Mti wenye akili unapukutisha majani, unafunga duka, unasubiri.

Kwa hiyo pori la namna hii likifyekwa, hakuna anayeshtuka. Msumeno wa mnyororo ukilia Amani au Udzungwa, habari inafika magazetini. Ukilia Bahi, ni mtu anaandaa shamba. Na hapo ndipo hesabu inapotushinda, maana tathmini ya taifa ya misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu, na zaidi ya asilimia 90 ya hizo ni mapori ya miti ya ukanda mkavu kama haya yetu, na miombo ndiyo mingi zaidi. Misitu ya ukungu tunayoipiga picha ni kipande kidogo sana. Msitu wa Mtanzania, kwa wastani, ni huu unaokwaruza mguu na kuchana sketi.

Mimi nauza asali. Nainunua kwa warinaji wa Manyoni na Itigi, naichuja, naifungasha, naiuza mjini. Kazi hii inakulazimisha kuijua miti hata kama hukuwahi kupenda somo la baiolojia, kwa sababu nyuki anakula maua, na maua ya pori kavu yana kalenda yake. Miti mingi ya huku huchanua wakati wa ukame, kabla ya mvua, wakati mtu wa mjini anadhani kila kitu kimekufa. Mwaka ambao asali imepungua, naanza kwa kuuliza kimefyekwa nini, wapi, na nani kapewa eneo. Mzee mmoja ninayenunua kwake, nilipomlalamikia kwamba madumu yamekuwa machache na nyuki labda wamehama, alinikata: "Nyuki hawajahama, mwanangu. Wamefuata chakula. Wewe ungefanyaje?"

Baada ya kuzunguka na watu wa aina hiyo nimefika mahali pa kuamini jambo ambalo rafiki zangu wa mazingira hawalipendi. Shoka peke yake haliui msitu wa huku.

Chimba chini ya mti wowote mkongwe wa pori kavu uone. Miti hii imeishi na ukame, moto na tembo kwa muda mrefu kuliko sisi, na imejifunza kuweka akiba yake chini. Chukua mninga, mti ambao kila fundi seremala wa Dodoma anaulilia. Mche wake ukiota, unachipua wakati wa mvua, halafu kiangazi sehemu ya juu inakauka kabisa. Mwaka unaofuata unachipua tena, unakauka tena. Hivyo hivyo kwa miaka mingi, na muda wote huo mzizi unanenepa, mpaka siku unapokuwa na akiba ya kutosha kurusha shina litakaloshinda moto na kiangazi. Ukipita hapo unaona kijiti cha urefu wa kidole. Chini yake kuna mzizi wenye umri wa mtoto wa darasa la nne.

Mti mkubwa ukikatwa nao haufi. Kisiki kina mizizi ileile iliyokuwa ikilisha shina zima, sasa kina kazi ya kulisha machipukizi machache tu. Mvua ya kwanza ikigusa, yanatoka kwa fujo, kumi, ishirini, yanang'ang'aniana. Ukiyaacha, baada ya miaka kadhaa una miti tena, na mti uliotoka kwenye kisiki unakua haraka kuliko mche wowote wa kitaluni, kwa sababu hauanzi na sifuri.

Basi kama msitu huu ni mgumu kiasi hiki, mbona unaisha?

Niliwahi kukaa na mchoma mkaa upande wa Bahi, kijana wa rika langu, akiwa na tanuri lililoanza kuiva. Tanuri la asili ni kazi ya kitaalamu kuliko wengi wanavyodhani. Magogo yanapangwa kwa ukubwa, mazito katikati, matawi yakiziba nafasi, juu yake nyasi na majani mabichi, kisha udongo. Moto unawekwa upande mmoja na tangu hapo kazi ni kuzuia hewa, maana hewa ikiingia sana unabaki na majivu. Anakaa siku na usiku anasoma moshi. Ukiwa mweupe mzito, hayo ni maji yanatoka kwenye kuni. Ukianza kuwa mwembamba na wa bluu, pale chini mkaa umeshaiva na pazibwe haraka. Nilipotaka kusogea nione vizuri alinishika mkono. "Dada, usikanyage hapo, utatumbukia." Udongo ulikuwa umetitia kidogo, kama kitanda chenye chaga iliyovunjika, na chini yake kulikuwa na kaa la moto. Alinionyesha kovu kwenye kifundo cha mguu bila kueleza lilitokana na nini.

Miti aliyokata niliikagua. Alikuwa ameikata kwenye usawa wa goti, kwa sababu, alisema, kuinama zaidi kunaua mgongo. Mgongo wake ndio ulioukoa msitu: vile visiki vyote, nina hakika, vilichipua msimu uliofuata. Isipokuwa pale pale palipokuwa na tanuri. Udongo unaookwa siku kadhaa mfululizo unakuwa tofali, mizizi iliyo chini inaiva, mbegu zinaungua. Ukitembea kwenye mapori yaliyochomwa mkaa zamani utaona miduara ya ardhi nyeusi, imeota magugu tu au haijaota kitu, huku pembeni miti imerudi.

Sitaki mtu asome hapa akadhani namtetea kila mchoma mkaa. Tanuri la aina ile linakula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na jiji la watu zaidi ya 765,000, kwa sensa ya 2022, haliwezi kupikia kwa uchumi wa namna hiyo milele. Mwaka 2012 tulikuwa kama 410,000 tu. Lakini yule kijana anakata, anachoma, anahamia kwingine. Pori analoliacha nyuma limejeruhiwa, halijafa. Swali ni nani anafuata baada yake, na mara nyingi anayefuata ni jembe.

Hapa nitaje moto na mifugo kwa kifupi, maana huo ni wimbo unaojulikana. Moto wa mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa na unyevu, unapita juu juu na machipukizi mengi yanapona. Moto wa mwezi wa tisa au wa kumi unaunguza kila kitu hadi kwenye shingo ya mzizi. Pori likiungua namna hiyo kila mwaka, kisiki kinatumia akiba kuchipua, kinaunguzwa, kinachipua tena, mpaka akiba inaisha. Mbuzi naye akipita kila asubuhi juu ya machipukizi yaleyale, matokeo ni hayohayo. Kisiki kinavumilia pigo moja. Kinachokimaliza ni mapigo yanayofuatana bila kupewa msimu hata mmoja wa kupumua.

Halafu kuna kung'oa. Hilo nalo lina historia huku kwetu, na ukitaka kuisikia panda gari nenda Kongwa.

Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, waliamua kulima karanga Tanganyika kwa kipimo ambacho dunia haikuwa imekiona. Kongwa ilikuwa kituo cha kwanza. Walileta matingatinga, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, na walipoona vichaka vya Ugogo havisukumiki kirahisi wakafunga minyororo ya nanga za meli kati ya matrekta mawili na kuburuza kila kilichosimama. Mashina yaliondoka. Mizizi ilivunja mashine. Nyuki nao, na hapa mtaniruhusu nitabasamu kama mfanyabiashara wa asali, waliwafukuza madereva kwenye viti vyao. Mwishowe walifanikiwa kusafisha ardhi kubwa, na ndipo walipogundua kwamba udongo wenyewe, ukishavuliwa nguo na kupigwa jua, unakauka kuwa mgumu kiasi kwamba karanga haichomoki. Mvua nayo ilikuwa ya Kongwa, siyo ya kwenye makaratasi ya London. Januari 1951 mradi ulifungwa, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi za wakati huo, na mbegu zilizonunuliwa zikiwa nyingi kuliko karanga zilizovunwa.

Watu husimulia kisa cha Kongwa kama kichekesho cha wazungu. Mimi nakisoma kama somo la visiki. Wakulima wa Kigogo walikuwa wakilima uwele na mtama maeneo hayohayo tangu zamani, wakikata miti, wakichoma, lakini jembe la mkono linazunguka kisiki. Shamba likichoka linaachwa, na pori linarudi lenyewe kutoka kwenye mizizi ambayo haikuguswa. Matingatinga yalipopita, msitu haukuwa na pa kurudia.

Ukitaka mfano wa upande wa pili nenda Kondoa. Milima ya Irangi ilifika mahali pa kutisha: makorongo ya kumeza nyumba, mchanga umefunika mashamba ya mabondeni, vilima vimebaki mifupa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Walichimba makinga maji, walipanda miti, waliziba makorongo, na matokeo yalikuwa ya kawaida tu. Mwaka 1979 wakachukua hatua nzito: mifugo yote, zaidi ya 80,000, iliondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ndani ya miaka michache nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miombo kwenye vilima. Hakuna aliyeipanda. Ilikuwa imekaa chini muda wote, ikisubiri mbuzi aondoke.

Si kwamba napendekeza kuhamisha mifugo ya watu. Wazee wa Kondoa watakwambia bei iliyolipwa: familia zilikosa maziwa na samadi, ng'ombe walipelekwa kwa ndugu wilaya za jirani, na ufugaji wa ndani uliruhusiwa miaka kumi baadaye. Amri ile isingepita leo, na nadhani isingestahili kupita. Ila ushahidi ulioachwa kwenye vilima vile hauna ubishi. Fedha na nguvu zilizotumika kupanda hazikufanya hata robo ya kilichofanywa na mapumziko.

Sasa, mibuyu. Kila anayeandika kuhusu Dodoma anaiweka mibuyu kwenye picha ya kwanza, jua likizama nyuma yake. Lakini jiulize kwa nini shamba zima halina mti ila mbuyu. Mbuyu una maji mengi, hautoi mkaa, hautoi mbao, haufai nguzo wala kuni, na kuung'oa ni kesi. Ulibaki kwa sababu hauna faida ya kukatwa, pamoja na kwamba unatupa ubuyu na majani ya mboga. Ile mandhari tunayoiuza kwa watalii kama asili ya Ugogo ni kumbukumbu ya msitu uliokuwa katikati ya mibuyu hiyo na sasa haupo. Tazama tena ukipita: mibuyu mikubwa tele, ya wastani michache, michanga karibu hakuna. Mche wa mbuyu ni laini na mtamu, na mbuzi analijua hilo.

Ninapokwenda kuchukua asali, kinachoniumiza zaidi ni vichaka vya Itigi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililiogopa eneo hilo, ililiita Mgunda Mkali, na ilikuwa ikipiga tirikeza, yaani mwendo mrefu wa mchana hadi jioni, kulivuka kwa sababu maji hayakuwapo. Ni kichaka cha urefu wa mita tatu hadi tano tu, lakini kimesongamana kiasi kwamba mtu mzima anapita kwa kutambaa, kwenye njia za wanyama. Kiko juu ya mchanga mwingi na mimea yake mingine haipatikani popote duniani isipokuwa hapo na kipande cha ndugu yake kule kaskazini mwa Zambia. Hakina mbao ndefu. Hakina maporomoko. Na sehemu kubwa imeshafyekwa.

Kinachokiondoa sasa ni mashamba. Alizeti, ufuta, na katika miaka ya karibuni wilaya ya Manyoni imefungua mashamba makubwa ya pamoja ya korosho, watu wanakuja kutoka mikoa yote kununua ekari. Siwezi kumkataza mtu wa Manyoni kupata hela. Lakini mkorosho ukipandwa kwa mistari kwenye mchanga uliong'olewa visiki, kwenye ripoti unahesabika kuwa mti, na anayetazama kutoka juu ataona kijani. Nyuki wangu wanaona mti wa aina moja unaochanua msimu mmoja, na miezi mingine njaa. Mzee wa madumu aliniambia amewahi kupewa kazi ya kibarua kwenye mojawapo ya mashamba hayo: kung'oa visiki, kwa malipo ya kisiki kimoja kimoja. "Kile kikubwa kinachukua siku nzima," alisema, "na usipokitoa chote, kinakuja kukuamkia shikamoo mwakani."

Mnisamehe nifungue mabano: warina asali nao si malaika. Mzinga wa gome unatengenezwa kwa kuchuna gome la mti mzima kwa mzunguko, na mti ukichunwa hivyo unakauka umesimama. Ndiyo maana nalipia zaidi kidogo asali ya mizinga ya mbao. Tuendelee.

Jiji. Serikali iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe Dodoma, ikahamia kweli kuanzia 2016, na mwaka 2018 tukaitwa jiji. Tangu hapo ardhi imepimwa kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Utaratibu wake ni huu: pori la miiba na mirama linapimwa, barabara zinachongwa, mtu ananunua kiwanja, anaita greda. Greda linasukuma kila kitu hadi kwenye mchanga mwekundu, visiki vinarundikwa pembeni na kuchomwa. Kiwanja kimesafishwa. Halafu kinakaa miaka minne bila nyumba, kinatimua vumbi, mvua ya Januari inachimba mfereji katikati. Mwenye kiwanja akija kujenga, fundi anamaliza, na familia inahamia kwenye jua kali. Hapo ndipo wanakwenda kitaluni kununua mwashoki na mwarobaini, wananunua maji ya boza ya kumwagilia, na nusu ya miche inakufa kabla ya pasaka.

Mimi naheshimu kampeni za kupanda miti. Ile ya kuifanya Dodoma ya kijani, iliyozinduliwa Mzakwe mwaka 2017, imefanya barabara kadhaa zipitike mchana. Lakini tunahesabu miche iliyopandwa, hatuhesabu visiki vilivyong'olewa mwaka huohuo, na sijui kwa nini huo usiwe mstari wa pili kwenye ripoti. Mche wa kitaluni unataka shimo, samadi, maji na uzio kwa miaka mitatu. Kisiki kinataka kuachwa.

Mzakwe penyewe ni mahali pazuri pa kufikiria haya, kwa kuwa visima vya bonde lile la Makutupora ndivyo vinavyonywesha jiji kwa sehemu kubwa. Watafiti waliofuatilia kina cha maji yake kwa zaidi ya miaka 50 walionyesha kwamba maji ya chini hayajazwi na mvua za kila mwaka. Yanajazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, hasa ile ya El Niño ya 1997 na 1998, maji yakizama kupitia mchanga wa mito ya msimu. Watu hupenda kusema miti huleta maji, mstari mnyoofu, tumalize. Huku si rahisi hivyo. Mti nao unakunywa. Kinachoonekana kwa macho ni upande mwingine wa mvua hizohizo kubwa: zikikuta mlima uchi, udongo unashuka nao. Bwawa la Ikowa, upande wa Chamwino, lililojengwa miaka ya 1950, lilijaa tope mapema kuliko waliolichora walivyotarajia. Na reli ya kati kati ya Gulwe na Kilosa imekatwa na mafuriko mara nyingi, ikiwemo ile ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, kwa maji na mchanga vinavyoanzia huku juu kwenye mto Kinyasungwe.

Kuna watu waliolielewa suala la visiki kabla yangu na hawakuwa na haja ya blogu. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili zao, malisho yanayofungwa kwa msimu, na kuanzia 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulijenga juu ya desturi hiyo hadi mapori yakarudi. Babati kule Duru-Haitemba, na Mgori mkoani Singida, vijiji vilikabidhiwa misitu yao katikati ya miaka ya 1990, kabla hata ya Sheria ya Misitu ya 2002, na vikaweka walinzi na faini vyenyewe. Na hapa Dodoma kuna Kisiki Hai, njia ya kulea visiki inayosambazwa vijijini na shirika la LEAD Foundation.

Kazi yake inafanyika kwa panga tu. Unatafuta kisiki kinachochipua shambani mwako. Kwenye yale machipukizi ishirini unachagua matatu hadi matano, manene na yaliyonyooka, mengine unayakata yawe kuni. Hayo yaliyobaki unapogoa matawi ya chini, unafunga kitambaa chenye rangi ili mtoto wa kuchunga, jirani na mwenye plau wajue kwamba huyu ana mwenyewe. Msimu ujao unarudi kupogoa. Nilimkuta mama mmoja Mpwapwa akifanya hivyo huku mjukuu amebebwa mgongoni, nikamwamkia kwa "Mbukwa," akacheka matamshi yangu kabla ya kuitikia. Nilimuuliza kama miti haimpunguzii mtama. Alisema inaupunguza pale chini ya kivuli, ndiyo, mistari miwili hivi, lakini kuni zilizokuwa zikimpeleka mlimani tangu alfajiri sasa anazikata mwenyewe shambani, na mbuzi wanakula kile anachopogoa. Alikuwa ameshapiga hesabu yake.

Anayeiharibu hesabu hiyo ni trekta la kukodi. Ng'ombe wa plau anazunguka kisiki. Diski la trekta likigonga kisiki linavunjika, na mwenye trekta hataki kesi, anakwambia shamba lisafishwe kwanza ndipo aje. Kadiri alizeti inavyolipa na trekta linavyopatikana, ndivyo visiki vinavyong'olewa hata na watu wasiouchukia mti hata kidogo. Mpango wowote wa kilimo unaogawa matrekta mkoani kwetu bila kusema neno kuhusu visiki unafanya kazi ya minyororo ya Kongwa, kwa mikopo nafuu.

Kuhusu gesi nitasema machache. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono, mapafu ya mama zetu yameteseka vya kutosha. Jikoni kwangu mtungi upo na jiko la mkaa lipo, kama kwa wengi mtaani, kwa sababu mkaa unauzwa kwa sado na gesi haiuzwi kwa sado, na maharage ya Jumamosi hayajui mkakati. Mkaa ukipungua, pori litapata nafuu. Lakini tukidhani kwamba mkaa ukiisha pori limepona, tutashangaa kuona vichaka vya Itigi vinaisha huku kila nyumba ina mtungi. Pori linalofutwa kwa ajili ya shamba au kiwanja halijali unapikia nini.

Mwaka jana nilianza kuzungushia uzio kiwanja changu, ambacho kwa bahati greda halikuwahi kukigusa. Kwenye mstari wa ukuta kulikuwa na kisiki cha mgunga chenye machipukizi yaliyonipita kimo. Fundi alinyoosha kamba, akaangalia, akasema tung'oe. Nikasema tukunje ukuta. Akanieleza kwa subira kwamba ukuta hauna sababu ya kukunjwa, kwamba watu watadhani amelewa, na kwamba kona mbili za ziada zina bei yake ya matofali, saruji na nondo. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ukuta umekunjwa. Tofali za ziada nililipa mimi, na fundi ameomba kwamba mtu akiuliza nani alijenga pale, nisimtaje.